Karatasi za Lugoni

Nilifika Kingolwira siku ya kuondoa matanga ya Bi Mwanaidi. Habari ya kifo chake niliipata sokoni Morogoro, wala si kwa mtu aliyetumwa kwangu, maana hakuna aliyejua kwamba ipo haja ya kunitumia mtu. Niliisikia kwa mama mmoja muuza mbaazi aliyekuwa akimweleza mwenzake kwa nini hakuonekana sokoni wiki nzima. Nikaiacha chai yangu mezani nikaenda. Msibani wanaume walikuwa wamekaa upande wa ukuta wenye kivuli, na mmoja wao, mtu wa heshima mwenye ndevu za mvi, akanikaribisha, kisha akaniuliza kwa upole mimi ni nani wa marehemu. Ni swali la kawaida msibani, na kila aliyekuwapo alikuwa na jibu lake: huyu shemeji, huyu binamu, huyu jirani wa shambani. Mimi nimeizunguka nchi hii tangu ujana. Nimekuwa kibarua wa reli, mpishi wa wazungu, mkata mkonge, mlinzi wa ghala, muuza mikeka, na kila nilipoulizwa mimi ni nani nilipata la kusema. Pale nilikosa. Mwishowe nikasema, "Zamani za Mjerumani nilimsomea karatasi." Yule mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akanisogezea mkeka.

Mjukuu wa marehemu, kijana anayeitwa Hamisi, alilisikia jibu langu akaja kukaa karibu yangu. Anasoma chuo kikuu huko Dar es Salaam, na kwa muda wote wa msiba watu walikuwa wakimtuma maji na kuni kwa makusudi, ili asijione. "Shikamoo, babu," akasema. "Hizo karatasi za Mjerumani zilikuwa za nini?" Nikamwambia zilikuwa za shamba la ukoo wake, milimani. Akafurahi sana. Akanieleza kwamba chuoni kwao iko maktaba, na ndani yake zimehifadhiwa karatasi nyingi za serikali ya Wajerumani. Mtu anaangalia namba katika orodha, anaiandika kwenye kijikaratasi, anampa mama aliye kaunta, kisha anakaa kusubiri aletewe. "Unakaa tu?" nikamwuliza. "Nakaa tu, babu. Kuna na feni." "Na hawakuulizi zinakuhusu nini?" "Hawaulizi." Nikacheka, na kwa kuwa hapakuwa mahali pa kucheka watu wakageuka. Nikajifanya nakohoa. Hamisi akasema akirudi atazitafuta za Lugoni, anisomee. Nikamwambia asihangaike, nazijua kwa moyo. Yaliyobaki sikumwambia. Nayaandika hapa, na ni ya mwaka mmoja tu.

Mwaka huo reli ilikuwa imeshaupita mji wa Morogoro ikielekea magharibi, na mimi nilikuwa nimeachana nayo. Nilichoka kubeba vyuma, na zaidi ya hayo nilitaka kuijua ile milima niliyoiona kila asubuhi ikiwa imefunikwa na wingu hadi kiunoni. Nililala katika chumba cha uani nyuma ya duka la Mhindi mmoja muuza nguo. Kilikuwa chumba cha masanduku matupu. Shule niliiacha mapema, lakini kusoma hakukuniacha mimi. Nilisoma kila kilichokuwa na maandishi, masanduku, makopo ya maziwa, magunia, vipande vya tiketi vilivyotupwa stesheni. Nilikuwa na desturi ya kukaa kwenye baraza ya duka na kuyasoma kwa sauti, hata Kijerumani ambacho nusu yake sikuielewa, na watu walipita wakinitania. Siku ya soko mwanamke mmoja kutoka milimani, kijana, mwenye kikapu cha ndizi kichwani, alisimama mbele yangu bila kucheka. Alinisikiliza nikimaliza kopo zima. Kisha akasema, "Wewe unayesoma makopo, unaweza kusoma serikali?"

Huyo ndiye Mwanaidi. Nikamjibu nitasoma chochote mradi kimeandikwa. "Basi shida si kusoma," akasema, "shida ni kuzipata." Akatua kikapu, akakaa kwenye ngazi ya baraza, akanieleza yote palepale, kama mtu anayemweleza mganga. Ukoo wao ulikuwa na ardhi mahali paitwapo Lugoni, juu ya mji, upande wa mawio. Kwao ardhi hufuata upande wa mama. Mama yake alikwisha kufa, na katika nyumba yao alibaki yeye peke yake mwanamke, pamoja na mjomba wake, Mzee Kibwana, aliyekuwa mkuu wa ukoo. Miaka michache nyuma alikuja mzungu mmoja akaomba mahali pa kupanda kahawa. Walimwita Bwana Kikohozi, kwa kuwa walimsikia kabla ya kumwona. Mzee Kibwana akampa kipande. Na kila mwaka baada ya mavuno Bwana Kikohozi alileta ngoto. Hapo nilimkatiza, nikauliza ngoto ni nini. Akaniangalia kama vile nimeuliza maji ni nini. "Mtu akilima kwenye ardhi isiyo ya ukoo wake," akasema, "kila mwaka huwaletea wenyewe kitu. Kuku, nguo, mtama, chochote. Si bei. Ni kusema, mimi ni mgeni hapa na sijasahau." Bwana Kikohozi hakusahau hata mwaka mmoja. Alileta kaniki, chumvi, jembe. Lakini mwaka ule vibarua wake walikuwa wamesimika mawe ya mpaka kuizunguka Lugoni yote, mpaka kwenye makaburi, na watu wakaambiwa baada ya mavuno wahame.

Mzee Kibwana alishuka bomani. Akaambiwa kutakuwa na shauri kabla ya mavuno, na kila upande ulete ushahidi wake. Akajibu kwamba ushahidi wake umo humo humo bomani, kwa sababu kila mwaka Bwana Kikohozi alipoleta ngoto iliandikwa karatasi, na yeye aliweka kidole, na mzungu akazipeleka kwa serikali. Akaomba aonyeshwe. Karani wa boma, mtu wa pwani kama mimi, akamwambia, "Mzee, karatasi za serikali si mihogo, kila mtu achimbe." Akamfukuza. "Sasa mjomba hali wala halali," Mwanaidi akasema, "anasema zikionekana tu, yamekwisha. Nitafutie hizo karatasi." Nikamwuliza, nikizipata je? Akainuka, akajitwika kikapu chake, akasema, "Kwanza zipate, Mswahili."

Huyo karani sikuwa na njia ya kumpita. Lakini mzee mmoja aliyekuwa akifagia misheni ya kule mlimani aliniambia kwamba mapadre walikuwa na chumba kizima cha vitabu, na kwamba magazeti ya serikali kutoka Dar es Salaam yaliletwa kule yote, na hata mapatano ya mipaka ya majirani zao, kwa kuwa misheni nayo ilikuwa na ardhi. Nikapanda kwenda kuomba kazi. Watu wa barazani walinicheka. "Selemani anakwenda kula nguruwe," wakasema, "ukirudi tutakuita Petro." Chumba kile kilisimamiwa na Mjerumani mmoja mwembamba, si padre bali bruda, jina lake Bruda Anselmi. Homa ilimmaliza hata mikono yake ikawa na rangi ya mshumaa, lakini Kiswahili alikisema vizuri, cha pwani. Adui zake walikuwa mchwa na kuvu. Alitaka mtu wa kutoa vitabu nje asubuhi jua linapotoka, kuvianika kwenye mikeka, kuvifungua ukurasa kwa ukurasa, kuvipiga mswaki, kisha kuvirudisha kila kimoja mahali pake kabla ya umande. "Waliotangulia walivirudisha kama kuni," akaniambia. "Wewe unajua kusoma mgongo wa kitabu?" Nikamsomea migongo ya rafu nzima. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nakikumbuka chumba hicho kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Kilikuwa na madirisha mawili membamba, sakafu ya saruji iliyokuwa baridi hata adhuhuri, na harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na ya ngozi ya zamani. Miguu ya rafu ilisimama ndani ya makopo yenye maji, ili sisimizi wasipande. Mchana tuliletewa maharage na ndizi za kuchemsha, na Bruda alikula amesimama, anapekua kitu kwa mkono mwingine. Siku ya kwanza tu nilimwambia ninachokitafuta. Niliona hakuna faida ya kumficha mtu niliyekuwa nikila naye sahani moja. Alitafuna kwanza. Kisha akasema, "Mimi ni wa vitabu tu, Selemani, mashauri ya ardhi si yangu. Lakini kutafuta nitakufundisha." Na kweli alinifundisha. Magazeti ya serikali yalishonwa pamoja kwa mwaka, na mwishoni mwa kila mwaka ilikuwako orodha ya majina ya mahali na ya watu. Jina linakupa ukurasa. Ukurasa unakupa tangazo. Chini ya tangazo iko namba ya jalada. Na ukiwa na namba, unaweza kuangalia katika yale masanduku ya mbao kule nyuma, kama misheni ilipewa nakala. Jambo hilo lilinilevya. Nilikuwa nimeshika vyuma vya reli na sikuwahi kuona reli kama hiyo, inayomchukua mtu kutoka jina hadi sanduku.

Kila Jumamosi jioni nilipanda Lugoni kutoa habari. Habari yenyewe ilikuwa kwamba bado. Nyumba ya Mzee Kibwana ilikuwa ya udongo mwekundu, imekaa kwenye ukingo wa bonde, na ukikaa mlangoni unaona mji chini kama punje za mtama zilizomwagika. Mwanaidi alipika ugali na mlenda, au kisamvu, na ikiwa mvua imenyesha tulikula ndani, moshi ukituchoma macho sote watatu. Mzee alikuwa mtu wa maneno mengi. Alipenda kunieleza jinsi wazo la karatasi lilivyokuwa lake. Mwaka wa kwanza mzungu alileta kaniki bila maandishi, mzee akakataa kuipokea. "Nikamwambia, wewe ni mtu wa kusahau. Mpaka leo hujui jina langu. Utasahau na ugeni wako. Andika! Akaandika. Nikatia kidole. Alifurahi yeye, nikafurahi mimi." Alicheka akapiga paja. Akaniambia tena juma lililofuata, na lililofuata.

Asubuhi moja nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nimeamka lakini bado nimefumba macho, nikawasikia wakizungumza jikoni. Mzee alisema, "Huyu Mswahili wako hana ukoo, hana kwao, leo yuko hapa kesho yuko Tabora. Mtu wa namna hiyo utampa shamba?" Mwanaidi akajibu, "Ndiyo sababu ya kumpa, mjomba. Aliye na lake atakuja kulala kwangu ya nini?" Mzee akaguna. "Na akiondoka?" "Akiondoka shamba halimfuati. Linabaki hapa, na watoto wanabaki hapa." Nikasikia ufagio. Kisha mzee akasema, "Basi azipate kwanza hizo karatasi." Nilibaki nimefumba macho mpaka jua likaingia. Kwa desturi yao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, na anapewa mahali pa kulima na ukoo wa mke. Nilikuwa nimepita nchi nyingi nikiona mashamba ya watu, na haikunijia hata mara moja kwamba yuko mtu anayeweza kuniambia, hili hapa, lima, kaa. Leo nikiwa mzee natazama nyuma na kuona kwamba katika maisha yangu yote ndiyo mara pekee nilipotamani kubaki mahali.

Lugoni sikuipata katika orodha kwa jina lake. Nilipekua mwaka baada ya mwaka, nikaona mito, vijiji, stesheni, hata shimo la chokaa, Lugoni haimo. Bruda ndiye aliyesema, "Tafuta jina la mwenye kahawa." Nilikasirika. Nikamwambia, ardhi si yake, kwa nini iwe chini ya jina lake? Akanisogezea orodha. Nikafungua kwenye jina la Bwana Kikohozi, jina lake la kweli la Kijerumani, na mara moja nikapata ukurasa, na tangazo, na namba. Katika masanduku ya nyuma nakala ilikuwamo, kwa sababu upande mmoja mpaka wa Lugoni uligusana na wa misheni. Zilikuwa karatasi chache zilizofungwa kwa uzi. Vidole vya Mzee Kibwana vilikuwamo vyote, vimepangwa vizuri kwa miaka yake, vyeusi, vinene. Kaniki imo. Chumvi imo. Jembe limo. Nilijua Kijerumani cha makopo na cha reli, kikanitosha, lakini sikutaka kiwe kweli, nikampelekea Bruda anisomee. Alisoma zote kabla ya kusema. Karatasi zilisema kwamba Kibwana, mkuu wa Lugoni, ameiuza ardhi yote ya ukoo kwa malipo ya mwaka kwa mwaka, na kwamba kila mwaka amepokea malipo akaridhika, na ya mwisho amekwisha kuyapokea.

"Si malipo," nikamwambia, "ni ngoto. Anayeleta ndiye mgeni." Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi kwenye baraza. Bruda alisikiliza mpaka mwisho, maana alipenda kujua mambo. Kisha akasema taratibu, "Selemani, kwetu anayepokea ndiye aliyeuza. Bwana huyu namjua. Sidhani alitaka kuwadanganya. Kila mwaka alirudi hapa akituambia wazee wa Lugoni ni watu waaminifu ajabu, wanadai waandikiwe risiti." Akazifunga zile karatasi kwa uzi wake, akazirudisha katika sanduku mahali pake hasa. Siku hiyo vitabu vilibaki kwenye mikeka hadi umande ukavikuta, na hakunigombeza.

Nilipanda Lugoni bila kungoja Jumamosi. Mzee alikuwa akisuka kapu mlangoni. Aliponiona tu akaniuliza, "Umeziona?" "Nimeziona, mzee." "Vidole vyangu vimo?" "Vimo." "Vyote?" "Vyote." "Na kaniki imeandikwa?" "Imeandikwa. Lakini mzee, zinasema—" "Na chumvi?" "Na chumvi, lakini zinasema kwamba ni malipo, zinasema umeuza." Akacheka, akanipiga bega. "Wewe Kijerumani chako ni cha maziwa ya kopo. Mtu akuletee kuku kila mwaka, useme amekununua? Mwanaidi! Chinja jogoo!" Mwanaidi alisimama mlangoni. Hakumtazama mjomba wake, alinitazama mimi. Kisha akaenda akamkamata jogoo, akamchinjisha, akampika kwa nazi niliyokuwa nimewaletea kutoka mjini, na ulikuwa ndio mlo mzuri kuliko yote niliyokula katika nyumba ile, na mimi nilimeza kama ninayemeza mchanga.

Kesho yake nilimfuata mtoni alikokwenda kufua. "Sema," akaniambia bila kugeuka. Nikamweleza yote, na maneno ya Bruda, na ya risiti. Aliendelea kufua. Ile nguo ilikuwa imeshatakata, naye akaendelea kuipiga kwenye jiwe. Nikasema inafaa nimweleze mzee tena, polepole, kabla ya shauri. "Usimweleze," akasema. "Hatasikia. Na akisikia je, atafanya nini? Mwache alale vizuri mpaka siku hiyo." Alikamua nguo, akaitandika juu ya nyasi. "Miaka yote nilikuwa nampokea mimi hiyo kaniki," akasema. "Hii hapa nimevaa."

Siku ya shauri watu wa Lugoni walishuka karibu wote, wanawake kwa wanaume, wameoga, wamevaa safi kama wanaokwenda arusini. Mzee Kibwana alikuwa na kanzu mpya. Tulikaa chini kwenye uwanja wa boma, na juu barazani alikaa bwana shauri na Bwana Kikohozi pembeni yake, na yule karani amesimama kutafsiri. Mzee alipoulizwa ushahidi wake, alisimama akasema kwa sauti ambayo hadi askari wa lango waliisikia, "Bwana, mimi sina maneno. Naomba karatasi zisomwe." Bwana shauri alishangaa kidogo, nadhani hakutegemea upande huo uziombe. Zikasomwa. Karani alitafsiri mwaka wa kwanza, akasema kwamba Kibwana alipokea kwa bwana huyu kaniki, na akaridhika. Mzee akatugeukia. "Mmesikia?" Watu wakajibu, "Tumesikia!" Mwaka wa pili, chumvi. "Mmesikia? Ameandika mwenyewe!" Ilipofika kwenye jembe mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na wengine wakamfuata, uwanja wote ukalia. Bwana shauri akainua kichwa akauliza kelele hizo ni za nini. Karani naye hakujua. Akawauliza watu, "Kwa hiyo mnakubali kwamba mlipokea?" "Tulipokea!" "Miaka yote?" "Miaka yote! Hakukosa hata mmoja!" Nilimtafuta Mwanaidi kwa macho. Alikuwa amekaa katikati ya wanawake wanaopiga vigelegele, ameinamisha uso, mikono juu ya magoti. Bwana Kikohozi alitabasamu kwa watu wa Lugoni, tabasamu la shukrani kabisa, akainua kofia yake. Bwana shauri akatia sahihi. Kisha karani akatafsiri kilichotiwa sahihi, na ilibidi atafsiri mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyenyamaza.

Mzee Kibwana hakupiga kelele. Aliomba tu, kwa heshima, zisomwe tena, maana karani huenda ameruka mstari. Askari wakatuondoa. Njiani kurudi milimani hakuna aliyemlaumu mwenzake, walitembea tu, na mzee alikuwa mbele akizungumza peke yake, akihesabu kwa vidole: kaniki, chumvi, jembe. Baada ya siku hiyo aliniuliza mara nyingi kama nina hakika nilizisoma hadi mwisho. Hata miaka mingi baadaye niliota ndoto kwamba nafungua lile sanduku na ndani yake iko karatasi moja zaidi.

Walipewa muda wa kuvuna tu. Mzee alituma watu kwa ukoo mmoja uliokuwa tambarare za Kingolwira, watu waliooleana nao zamani, kuomba mahali pa kukaa. Jibu lilikuja haraka na lilikuwa la wema. Ardhi ipo, waje. Na waliongeza kwamba yuko mpwa wa mkuu wao, mtu mtulivu, aliyefiwa na mke. Hawakusema ni sharti. Hakuna aliyesema hivyo, wala hakuna aliyehitaji kusema.

Nilimkuta Mwanaidi akichimbua machipukizi ya migomba ili wayachukue. Nikashika jembe nikamsaidia. Nikamwambia reli sasa inafika mbali, kazi zipo, twende, mimi na yeye, popote. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima, na mengine mengi. Alinisikiliza kama siku ile ya kopo, mpaka mwisho. "Na nikienda na wewe," akasema, "watoto wangu watakuwa watu wa wapi?" Nikasema watakuwa wetu. "Wetu nani, Selemani? Kwetu mtoto ni wa kwa mama yake. Mwanamke wa nyumba yetu nimebaki mimi. Nikipanda hiyo gari yako, mjomba akifa hakuna tena watu wa Lugoni, hata wa jina." "Basi nakuja Kingolwira," nikasema. "Nitalima huko." Hapo ndipo alipoacha kuchimba. "Lugoni ningekupa shamba," akasema. "Huko mimi mwenyewe naomba. Nikupe nini?" Alisubiri kidogo, kama mtu anayenipa nafasi nifikirie jibu ambalo yeye halioni. Nilifikiri sana. Kisha tukaendelea kuchimba migomba.

Siku ya kuhama niliomba nibebe mizigo, na hakuna aliyenikatalia, kwa kuwa mizigo ilikuwa mingi na watu wachache. Nilibeba kinu na mafungu ya machipukizi. Tuliondoka kungali na ukungu, tukashuka siku nzima, mzee akishikwa mkono kwenye miteremko. Vibarua wa kahawa walisimama kando ya njia kutupisha. Kingolwira tulifika jua likiwa limelegea. Wenyeji walitupokea vizuri sana. Siwezi kusema neno baya juu yao. Yule mpwa alikuja mwenyewe kunitua kinu, akaniona nimechubuka bega, akaagiza maji ya moto. Alikuwa mtu mwenye sauti ya chini, mkubwa kwangu kwa miaka, mwenye mikono ya mkulima. Akanishukuru. Akauliza kama natoka Lugoni, nikasema hapana, mimi ni mpita njia tu. "Basi ahsante zaidi, ndugu," akasema, "leo lala hapa, usafiri kesho."

Wanaume tulitandikiwa mkeka nje. Wanawake wa pale walimpa Mwanaidi kazi ya kupakua, ili azoee nyumba, na yeye ndiye aliyeniletea chakula. Alipiga magoti kama anavyopiga mwanamke anayemhudumia mgeni, akaninawisha mikono, akaweka mbele yangu ugali wa mtama na maharage, akaondoka. Huko Lugoni hakuwahi kunipigia magoti. Tulikula tukigombania ukoko. Nilikula chote, kwa sababu kuacha chakula cha ugenini si adabu na watu walikuwa wakiniangalia. Alirudi kuchukua sahani. Akanimwagia maji tena, taratibu, mpaka kibuyu kikaisha, na kilipokwisha akaendelea kukiinamisha.

"Umeshiba, mgeni?" akaniuliza.

Nikasema nimeshiba.